Kila Januari shule zikifunguliwa napata "mafua" yasiyoisha. Wenyeji wa Iringa na Mbeya, hii ni nini?

#1 Mwalimu wa Chaki (15 Januari)

Kamwene wenyeji, na habari za usiku kwa wadau wengine.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Mufindi, kwetu Mtwara. Huu ni mwaka wa sita tangu nipangiwe huku. Miaka miwili ya kwanza nilikaa vizuri. Baridi ya mwezi wa sita ilinikomesha kama inavyomkomesha kila mtu wa pwani, ila pua haikuwa na shida. Mwaka wa tatu ndipo kasheshe ilipoanza, na toka hapo haijaruka mwaka: shule ikifunguliwa, wiki haiishi, naanza chafya. Zinakuja kwa mkupuo, kumi, kumi na mbili. Kamasi jepesi kama maji linachuruzika lenyewe, macho yanawasha natamani niyatoe niyasuuze, na juu kwenye kaakaa kunawasha mpaka nakwaruza kwa ulimi, natoa mlio kama chura. Kidato cha pili wananihesabia kwa sauti. Rekodi ni kumi na saba.

Homa sina, mwili hauumi. Inakwenda hivyo mpaka Aprili, Mei hivi, halafu inakatika kama haikuwepo.

Nimeshahangaika. Mwaka juzi duka moja la dawa walinipa amoksilini mara tatu ndani ya msimu mmoja, dozi nzima kila mara, nikaambulia kuharisha tu. Mwaka jana mtu akanionyesha matone ya kuzibua pua. Siku ya kwanza nilitaka kumkumbatia. Sasa yamekuwa kama ugoro, chupa haitoki mfukoni, nisipotia pua zote mbili zinafunga kama benki Jumapili.

Watuhumiwa wangu ni chaki na mipaini. Shule imezungukwa na paini pande tatu, kuna kipindi unakuta vumbi la njano limetanda juu ya madimbwi. Walimu wenzangu wanasema ni baridi, nivae sweta. Nimevaa mbili.

Mwenye uzoefu anisaidie. Waliokuja kucheka wapite kushoto.

#2 Kyela kwa Joto

Mimi ndiye wa kushoto. Mwalimu, omba uhamisho uje Kyela ule wali na ndizi, huku pua zetu zinapumua zenyewe.

#3 Mzee wa Milingoti

Mwanangu, hiyo ni nyungu tu. Chuma majani ya mlingoti na mchaichai, chemsha sufuria kubwa, jifunike blanketi mpaka jasho likutoke. Asubuhi na jioni siku tatu. Sisi tumekua hivyo, hatukuwa na hizo aleji zenu.

#4 Fundi Dingdong

Mzee shikamoo. Nyungu naikubali ila mimi ilinifungua saa moja tu, nikirudi kazini palepale.

Mwalimu, nakaa Mafinga, kazi yangu ni kupasua mbao. Mwaka wa nne kwenye dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao, nilianza kama wewe. Kilichonifumbua macho ni Jumapili. Jumatatu mpaka Jumamosi chafya, Jumapili kanisani natulia kabisa, mpaka mke wangu akasema nina mapepo yanayoogopa kwaya. Kumbe ni vumbi la mbao. Siku hizi navaa barakoa nzito ile ya kazi (ile nyepesi ya hospitali vumbi la msumeno linaipita pembeni), na nikitoka kazini nguo zinaishia nje, haziingii chumbani.

Nikuulize: ukienda kwenu Mtwara unapona? Na chaki unaandikia mwezi wa nane au huandiki?

#5 Mwalimu wa Chaki

Fundi umenishika pabaya. Mwezi wa nane naandikia chaki zilezile, ubao uleule, na pua haina neno. Likizo fupi ya Aprili nikienda nyumbani siku ya pili tu nakuwa mzima, nikirudi inaanza tena. Sijui kwa nini sikuwahi kuliwaza hilo.

Basi imebaki mipaini.

#6 Kitonga Usiku

Wakati mnasubiri wataalamu, niseme kitu kimoja. Mimi ni dereva, Tunduma hadi Dar. Kuna mwaka niliamka Makambako macho yamevimba, pua maji, nikanunua Piriton, vile vidonge vya aleji, nikameza viwili na chai, nikawasha gari. Iringa nikapita vizuri. Kuanza kushuka mteremko wa Kitonga, nikajikuta nimeamka. Naomba msome tena hapo: nimeamka, gari linatembea. Utingo alinipiga kofi la shingo, na kofi lile mpaka leo namshukuru nalo.

Tangu siku ile kidonge kile nakimeza nikiwa nimeshapaki na nimeshavua viatu.

#7 Mama Bupe

Kitonga Usiku umenitisha, na mimi nampa mtoto hizo hizo.

Ndugu zangu, binti yangu ana miaka saba, tupo Mbeya mjini, Ilomba. Yeye hana msimu, mwaka mzima, lakini kipindi cha baridi ndiyo zaidi. Anasugua pua kwa kiganja kwenda juu, hivi, mpaka ameweka alama ya mstari juu ya pua. Usiku anakoroma kama baba yake. Jirani anasema ni mijakaranda, barabarani kwetu ipo mingi. Nimefikiria kumwomba mwenyekiti wa mtaa ikatwe.

#8 Tabibu Mstaafu

Nimesoma uzi wote. Nilikuwa tabibu zaidi ya miaka thelathini, nimefanya kazi Iringa na Njombe, sasa nalima maparachichi. Nitaandika kwa kirefu, mwenye haraka aruke.

Mwalimu, hayo si mafua. Mafua ya kawaida yanaletwa na virusi, yana siku zake, wiki moja au siku kumi yanaisha, mara nyingi koo linauma na mwili unachoka. Kinachowasha pua, macho na kaakaa kwa pamoja, kamasi jepesi, bila homa, kwa miezi, na kinarudi tarehe zilezile kila mwaka, ni mzio, yaani aleji. Na kama ni wa msimu, kwa kawaida ni mzio wa chavua, ule unga wa maua ya mimea.

Umejiuliza kwa nini miaka miwili ya kwanza ulikuwa salama. Hilo ndilo linalowachanganya wageni wengi. Mwili hauzaliwi na ugomvi na chavua fulani, unaujifunza. Unapoivuta msimu wa kwanza, wa pili, kinga ya mwili inaweza kuiandika kwenye orodha ya maadui ingawa haina madhara yoyote. Ikishaandikwa, kingamwili zinakaa tayari juu ya seli zilizomo ndani ya ngozi laini ya pua na macho. Msimu unaofuata chavua ikitua, zile seli zinapasua mzigo wao wa histamini. Histamini ndiyo inayowasha, ndiyo inayofungulia bomba la kamasi. Kwa hiyo hukuja na ugonjwa kutoka Mtwara, wala baridi haijakuletea. Umeusomea hukuhuku.

Amoksilini inaua bakteria. Hapa hakuna bakteria. Ulikula dawa ya mtu mwingine.

Matone ya kuzibua pua yanabana mishipa ya damu ndani ya pua, ndiyo maana unaona muujiza. Lakini ukipitisha siku tatu, nne, tano, pua inazoea, dawa ikiisha nguvu inavimba kuliko mwanzo, unatia tena. Unatibu uvimbe unaoletwa na tiba. Acha. Wengi wanaona nafuu kuacha pua moja kwanza, ile nyingine waendelee nayo, ikishafunguka wanaacha na ya pili. Wiki moja mbili utateseka, huku ukitumia dawa ninayoitaja sasa.

Dawa yenye nguvu kuliko zote kwa tatizo hili ni ya kupuliza puani yenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), kama beklometasoni, flutikasoni au mometasoni. Watu wanaijaribu siku mbili, wanasema haifanyi kazi, wanatupa. Haifanyi kazi kama matone. Inahitaji kutumiwa kila siku, na nguvu yake kamili unaweza kuisubiri hata wiki mbili. Anayejua msimu wake anaanza wiki mbili kabla msimu haujafika. Wewe ulipaswa kuanza wakati unakula pilau la Krismasi.

Na namna ya kupuliza. Watu wanarudisha kichwa nyuma, wanapuliza, wanavuta kwa nguvu, dawa yote inaishia kooni wanaimeza. Inamisha kichwa mbele kidogo, mkono wa kulia upulize pua ya kushoto na wa kushoto pua ya kulia, ncha ielekee upande wa sikio, isielekee ule ukuta wa katikati. Vuta taratibu kama unanusa ua. Ukilenga ukuta wa katikati ndipo damu ya pua inapotokea.

Vidonge: setirizini au loratadini, mtu mzima miligramu 10 mara moja kwa siku. Ni vizuri kwa kuwasha na chafya, kwa pua iliyoziba havisaidii sana. Piriton ni ya kizazi cha zamani, inaingia kwenye ubongo, ndiyo iliyotaka kumwua Kitonga Usiku. Setirizini nayo inawalaza baadhi ya watu, ijaribu kwanza siku ambayo huendeshi. Mjamzito, mwenye kunyonyesha, mwenye mtoto mdogo, aulize kwanza kituoni. Msinunue kwa kunisoma mimi.

Mzee wa Milingoti, shikamoo. Mvuke unafungua pua kwa muda, sikatai. Nilichokiona kazini ni watoto walioungua kwa sufuria za nyungu, ndiyo maana nakuwa mgumu. Maji ya chumvi ni bora: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya mililita 250, maji yawe yamechemshwa yakapoa, unasafishia pua kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Maji ya bomba moja kwa moja hapana, ya kisima ndiyo kabisa.

#9 Mzee wa Milingoti

Marahaba tabibu. Nimekusikia. Nyungu naendelea nayo ila watoto nawatoa.

#10 Bwana Sindano

Tabibu mbona umeruka sindano? Mimi kuna sehemu nilichomwa moja tu ya makalio, msimu mzima sikupiga chafya. Kwa nini mtu ahangaike na kupulizapuliza?

#11 Tabibu Mstaafu

Sikuruka, nilikuwa naikimbia. Ile ni steroidi nyingi ya kukaa muda mrefu mwilini, inazunguka mwili mzima ili kutibu pua. Inapandisha sukari, ukirudia kila msimu inakula mifupa, na ikishachomwa huwezi kuitoa. Ya kupuliza ni kiasi kidogo, kinafanya kazi palepale kilipotua. Hata vidonge vya prednisoloni na deksametasoni vinavyouzwa kimyakimya "vya aleji" ni mchezo uleule. Una kisukari kwenye ukoo?

#12 Bwana Sindano

Mama yangu.

#13 Tabibu Mstaafu

Basi kapime sukari wiki hii.

#14 Dada wa Uyole

Naomba niwatetee watuhumiwa. Nimesomea kilimo.

Mama Bupe, usimwendee mwenyekiti. Mjakaranda unasingiziwa kwa sababu unaonekana. Ua lenye rangi na asali linamwita mdudu, chavua yake ni nzito na inanata ili imgande nyuki, hairuki kuingia madirishani. Halafu unasema mtoto anaumwa zaidi kwenye baridi, na mijakaranda inachanua karibu na mvua, baridi imeshapita.

Paini nayo inarusha chavua nyingi sana, hilo vumbi la njano ni yake kweli. Ila punje zake ni kubwa, zina vifuko viwili vya hewa, na kwa watu wengi hazichokozi sana. Misaipresi ile watu wanayopanda kama uzio wa nyumba ningeishuku kabla ya paini. Mahindi chavua yake nzito, nyingi inaanguka humohumo shambani, labda uwe unapalilia katikati yake yakiwa yametoa mbelewele.

Mhalifu mkubwa duniani kote ni mmea ambao ua lake hulioni. Nyasi. Hazina rangi, hazina harufu, kwa kuwa hazimtegemei nyuki, zinautegemea upepo. Ukoka wa uwanjani wenyewe umo kwenye orodha ya wabaya.

Sasa Mwalimu, nijibu. Shule ikifunguliwa Januari, wiki ya kwanza wanafunzi wanafanya kazi gani?

#15 Mwalimu wa Chaki (17 Januari)

Dada, nimesoma swali lako nimekaa kimya dakika nzima.

Wanafyeka.

Desemba yote shule imefungwa, mvua inanyesha, tukirudi nyasi ziko kiunoni, zimeshatoa mashuke. Kwenye fomu ya kujiunga tunaandika kila mmoja aje na kwanja na reki. Wiki ya kwanza uwanja wa mpira, wiki ya pili nyuma ya mabweni. Na mwalimu wa zamu anayesimamia mazingira, kwa miaka minne sasa, ni mimi. Niliomba mwenyewe nafasi hiyo, kwa sababu niliona nikikaa nje mbali na vumbi la chaki nitapata nafuu.

#16 Kyela kwa Joto

Nimecheka mpaka jirani amegonga ukuta. Samahani Mwalimu. Nilishapita kushoto nikarudi.

#17 Tabibu Mstaafu

Usicheke sana, hata waliogundua jambo hili walihangaika. Daktari John Bostock wa Uingereza alijieleza mwenyewe mwaka 1819, anaumwa kila kiangazi cha kwao, wala hakuwaza chavua. Mwingine, Charles Blackley wa Manchester, naye mgonjwa, akaamua kuwa mpelelezi. Alijikwaruza ngozi akapaka chavua ya nyasi aone kama inavimba. Akarusha tiara angani lenye vioo vya kunata ili ajue chavua inapanda juu kiasi gani. Alichapisha matokeo mwaka 1873. Daktari mzima na ndevu zake anakimbia uwanjani na tiara, majirani sijui walisemaje.

Wewe huhitaji tiara. Chukua daftari. Kila jioni andika ulikuwa wapi, mvua au upepo, na chafya ngapi. Hao kidato cha pili wanahesabu tayari.

#18 Mtoto wa Umalila

Naomba kuongeza pareto, hakuna aliyeitaja.

Kwetu Umalila tunalima pareto, tunachuma maua, tunaanika, yakikauka tunajaza magunia yanalala ndani tulimolala sisi. Mama yangu mikono inapasuka na kuwasha kipindi cha kuchuma, na akimimina maua makavu kwenye gunia anapiga chafya mpaka anakaa chini. Tukasema ni uzee. Nesi mmoja ndiye aliyemwuliza, "Mama, wiki ambayo hamchumi inakuwaje?"

Siku hizi magunia yanalala kwenye kibanda, mama anavaa glavu na mikono mirefu, kumimina tumempokonya. Pareto hajaacha, ndiyo iliyonisomesha mimi.

#19 Dada wa Uyole

Ndaga fijo (asante sana) kwa hili. Pareto ni ndugu wa alizeti na maua ya jamii hiyo, na vumbi lake linajulikana kuleta mzio wa ngozi na wa pua. Waambieni wanaofanya kazi kwenye maghala.

#20 Asali Halisi Njombe

Wadau, asali ya eneo lenu ndiyo kinga, kijiko kila asubuhi mwili unazoea chavua. Ninayo, ndoo na chupa, natuma kwa basi.

#21 Dada wa Uyole

Kaka, asali nitanunua, ya kulia mkate. Nyuki anakusanya chavua ya maua yenye asali, na wengi humu shida yao ni nyasi zinazobebwa na upepo. Humo kwenye ndoo yako adui wetu ni mchache mno.

#22 Asali Halisi Njombe

Sawa dada. Chupa ngapi?

#23 Mama Bupe

Tabibu, umenisahau mimi na mijakaranda yangu.

#24 Tabibu Mstaafu

Sijakusahau mama, nilikuwa nafikiria. Mtoto wa mwaka mzima, anazidiwa kwenye baridi, usiku ndiyo zaidi. Hapo siiwazi chavua. Ile saluti ya kusugua pua kwenda juu ni alama ya mzio unayoweza karibu kuitambua kwa macho, lakini chanzo kitakuwa ndani ya nyumba. Baridi ikianza mnafanyaje? Mnatoa mablanketi mazito yaliyokaa kwenye sanduku toka mwaka jana, mnafunga madirisha, mnaingiza jiko la mkaa ndani. Kwenye mablanketi na godoro kuna utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho, kinyesi chao ndicho kinachochokoza pua. Moshi wa mkaa unamalizia, na hewa ya mkaa chumba kikifungwa inaua, hilo ni la kuacha leo hata kama mtoto hana aleji.

Fua mablanketi na mashuka kwa maji ya moto kweli, nyuzi 60 na kuendelea. Lisilofulika lianike juani siku nzima na ulikung'ute nje, mtoto akiwa mbali. Mdoli wa manyoya anaolala nao pia.

Swali la mwisho: anakohoa usiku, au kifua kinalia filimbi akikimbia?

#25 Mama Bupe

Akikimbia ndiyo. Tunamwambia asikimbie.

#26 Tabibu Mstaafu

Mama, mtoto wa miaka saba lazima akimbie. Mpeleke hospitali wakamsikilize kifua, pua na pumu vinatembea pamoja mara nyingi, na pua ikitibiwa vizuri kifua kinatulia pia. Usiendelee kumpa Piriton ya kukisia.

Na kwa wote: kikohozi cha wiki mbili na zaidi, jasho la usiku, kupungua uzito, hicho msikiite aleji. Kapimeni kifua kikuu, kwenye vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure. Kamasi la pua moja tu lenye damu au linalonuka nalo si la kukaa nalo nyumbani.

#27 Mwalimu wa Chaki (2 Machi)

Nimerudi na daftari. Wiki sita.

Siku za mvua ya kutwa, chafya tano, sita, nalala vizuri. Siku inayofuata mvua, jua limetoka na kaupepo ka asubuhi, hapo ndipo balaa. Siku ya kufyeka, wanafunzi waliacha kuhesabu. Siku mbili nilizokwenda Iringa mjini semina, karibu hakuna. Nilipita katikati ya mipaini kwa mguu Jumamosi moja makusudi, kilomita nne, sikupata kitu.

Matone niliacha pua ya kulia kwanza kama tabibu alivyosema. Usiku wa pili na wa tatu nililala nimekaa. Siku ya nane ikafunguka. Ya kushoto ilikuwa rahisi zaidi, au labda nilikuwa nimeshazoea shida. Dawa ya kupuliza niliipata mjini, huku kijijini hawana. Wiki ya kwanza nilitaka kurudisha pesa yangu. Ya pili nikaamka asubuhi moja nanusa harufu ya chai ya jirani.

Vitu vidogo vilivyosaidia: mafuta ya mgando kidogo mdomoni mwa pua kabla ya kutoka, miwani ya jua (wameshanipa jina, silisemi hapa), kuoga na kuosha kichwa jioni kabla ya kugusa mto, na nguo za kulalia hazianikwi tena kwenye kamba iliyo ukingoni mwa uwanja. Maji ya chumvi yanafanya kazi ila mke wangu amesema niyafanyie nje.

Usimamizi wa mazingira nimemwachia mwalimu wa hesabu.

#28 Fundi Dingdong

Safi sana Mwalimu. Barakoa siku ya kufyeka usiache hata ukiwa ofisini, upepo hauna mipaka.

#29 Bwana Sindano (9 Machi)

Nilipima. Iko juu kidogo, wamenipa tarehe ya kurudi. Sina la kusema zaidi, tabibu asante.

#30 Mama Bupe (20 Juni)

Nafufua uzi. Ni pumu, nyepesi, amepewa ya kuvuta na ya pua. Mablanketi yote nimefua kabla baridi haijaingia, jiko linakaa barazani. Anakimbia. Mstari wa puani bado upo lakini usiku hakoromi, sasa namsikia vizuri baba yake.

#31 Mwalimu wa Chaki (18 Januari)

Wadau, mwaka umezunguka, nimeona nitoe taarifa.

Dawa nilianza tarehe 15 Desemba, nikiwa Mtwara, pua nzima kabisa. Mama aliniuliza naumwa nini, nikamwambia bado sijaumwa, akaniangalia sana.

Jambo lingine ni hili. Novemba nilimfuata mkuu wa shule na daftari langu, nikamwonyesha. Nikamwambia tatizo si kufyeka, ni kufyeka nyasi zikiwa zimeshatoa mashuke. Zikikatwa fupi fupi kabla, hazifiki kuchanua. Akasema likizo hakuna wanafunzi wa kufyeka, na fungu la vibarua halipo. Nikatoka. Wiki moja baadaye akaniita, akasema amezungumza na jirani mwenye ng'ombe. Desemba yote ng'ombe kumi na mmoja wamelala kwenye uwanja wa mpira.

Tumefungua shule nyasi ziko vidole viwili. Nyuma ya mabweni ng'ombe hawakufika, huko sipiti. Chafya zangu za leo ni tatu, na moja ilikuwa ya pilipili.

#32 Kitonga Usiku

Na mpira mnachezea wapi, na mavi yote hayo?

#33 Mwalimu wa Chaki

Kidato cha kwanza wanazoa kupeleka bustani ya shule. Fomu ya kujiunga mwaka huu imeongezwa koleo.

#34 Kyela kwa Joto

Na maziwa?

#35 Mwalimu wa Chaki

Hilo muulize mkuu wa shule.